Tarumbeta ya Mama

Katika filamu ile ya zamani, wapanda farasi wawili walisimama wakitazamana, mikono karibu na bastola. Ndipo tarumbeta ikalia.

 Katika ukumbi wa sinema, fundi cherehani mmoja akamgeukia mama yake aliyeketi kando. Mama alikuwa amebana midomo, vidole vyake vitatu vikibonyeza goti kama vitufe vya tarumbeta, sauti kwa sauti.

Bwana mmoja wa kiti cha mbele yao alikuwa akifuta machozi. "Sijui nani alipiga hii," alimnong'oneza mkewe.

"Usiseme kitu, mwanangu," mama alisema, akimshika fundi, binti yake, mkono.

Lakini fundi alikwisha kumgusa yule bwana begani. "Samahani, kaka. Aliyepiga yuko hapa nyuma yako. Ni mama yangu."

Yule bwana akasimama, akavua kofia.

Mama akainua kidevu.