Jina Lililokataa Kutulia

Asubuhi ya tatu mfululizo, jina lilikuwa limebadilika tena.

Mchora katuni alikiweka kikombe cha chai mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Jana jioni aliiacha kompyuta ikisomeka: Tunakukumbuka, Chereko. Sasa ilisomeka: Tunakukumbuka, Tuli.

Tuli ndilo jina ambalo watu wote walimwita yeye. Chereko alikuwa pacha wake, aliyezikwa mwaka jana baada ya gari lao kupinduka. Jumamosi ndugu na jamaa wangekusanyika kutazama filamu fupi ya kumbukumbu: picha za marehemu, kisha herufi za jina lake zikiruka moja moja kama ndege mpaka zijipange.

Akafuta. Akaandika upya.

"Kosa ni lako mwenyewe," alisema fundi wa sauti, aliyekuja kuichukua filamu aanze kuitilia muziki. "Umeyaacha maandishi yakiwa bado maandishi. Yageuze yawe michoro. Herufi zitaruka vizuri zaidi, na hakuna mtu atakayeweza kuyagusa."

"Nikiyageuza, mama akitaka neno libadilishwe, naanza upya. Na mama bado hajaamua maneno."

"Basi labda ni marehemu. Si alikuwa mtani yule? Anakutania."

Mchora katuni akaangua kicheko kikubwa, cha kifua kizima, kisha akakikata katikati na kuziba mdomo. Fundi aligeuka ghafla kutazama nyuma yake, kama aliyesikia mtu mwingine chumbani. Alichukua mkoba wake mapema kuliko kawaida.

Ofisi yao ya katuni ilikuwa sebule ya nyumba yao. Mapacha hao, waliofanana kama shilingi kwa ya pili, waliianzisha pamoja, na meza zao zilitazamana. Meza ya pili ilikuwepo bado, kiti kimesukumwa ndani. Kuna nyakati alihisi kuna mtu amekaa pale, akimsubiri amalize kusema jambo.

"Nisamehe," alinong'ona akiielekea.

Aliikumbuka siku aliyozinduka hospitali, uso mzima umefungwa bandeji. Sauti ya kwanza kumfikia ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka minne, akiita, "Mama! Mama!" Mtoto yule hakuwa na baba wa kukimbilia, baba alijiendea zake kabla hajazaliwa. Akaitika. Tangu siku hiyo hakuwa ameacha kuitika.

Nani basi aliyekuwa akilibadilisha jina? Mtoto hajui kusoma. Mama yake mzazi aliishi nao, lakini huyo hata simu alitafutiwa namba. Hakukuwa na mwingine ndani ya nyumba. Hakukuwa na mwingine aliye hai, alijisahihisha.

Alhamisi mchana akakata shauri. Aliupeleka mshale kwenye amri ya kugeuza herufi kuwa michoro. Ukishabofya hapo, jina si jina tena, ni picha ya jina. Halisahihishiki. Mkono ukagoma. Akasema kwa sauti kwamba anakwenda dukani, akaufunga mlango wa mbele kwa kishindo, akaizunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi.

Sebuleni vitufe vilikuwa vikilia. Kimoja. Kimya. Kimoja tena.

Akajikaza, akachungulia.

Mama yake alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani imeshuka puani, akiandika kwa kidole kimoja.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

Mama hakushtuka. "Nilikuona siku moja ukirekebisha kazi ya mteja. Unabofya mara mbili, unaandika. Si kazi ngumu."

"Sasa mbona unaniandika mimi, kana kwamba nimekufa?"

Mama alimaliza kwanza herufi ya mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Jumamosi, mbele za watu, weka jina unalolitaka. Mjukuu wangu ana mama, na mimi simnyang'anyi. Ila usiyageuze maandishi hayo kama alivyotaka fundi. Nitolee nakala moja yenye jina hili nililoandika, niitazame peke yangu chumbani."

Akanyoosha mkono, akamgusa shavu, pale kovu lilipoanzia.

"Chereko," alisema, "mwaka mzima sijamlilia dada yako kwa jina lake."