Aliyeitwa Ngosha

Paskazia aliingia mahakamani na koti la kahawia mkononi, limepigwa pasi mpaka kola. Evelina aliliona koti kabla hajamwona mwenye kulibeba.

Lilikuwa koti la mume wake. Tangu jioni ile Ngosha alipokamatwa lilining'inia kwenye msumari chumbani kwa Paskazia, kule Igogo, na yeye mke wa ndoa hakupata hata kulikung'uta vumbi.

"Shikamoo, dada Evelina."

"Marahaba. Naona hujaacha hata mkunjo."

"Si anatoka leo, Mungu akipenda."

"Kutoka atatoka. Ataelekea wapi, hapo ndipo tutaona."

Evelina akapakata kikapu chake. Humo mlikuwa na michembe ya viazi vitamu ya kuchemsha, nanasi zuri la Geita, na kisu cha kulimenyea.

Ngosha alisimama kizimbani amekonda, shingo kama ya kuku aliyenyeshewa. Macho yake yalimpita mkewe, yakaenda kutua kwenye lile koti. Au kwa aliyelishika.

Wakili wake, Kushal, akaanza kueleza rufaa. Konstebo Chenge alikuwa akipita nje ya uzio wa Paskazia, giza linaingia, amevaa kiraia, akakatwa panga la bega kwa nyuma. Hakuona mtu. Alisikia mnong'ono tu: "Ngosha, leo tunamaliza." Ngosha akatoka mbio ndani kwa Paskazia, akamkumbatia majeruhi, akakutwa na damu kifuani. Mahakama ya chini ikasema mshirika wa Ngosha ndiye aliyemwita, na Ngosha akakata. Ikamfunga kwa kujaribu kumuua askari polisi.

"Mheshimiwa Jaji, wewe ni mgeni huku kwetu," alisema Kushal. "Kwa Wasukuma, ngosha ni mwanamume yeyote. Mimi hapa, mtoto wa muuza vitenge, akina mama wa dagaa wananiita ngosha kila asubuhi. Na mimi nifungwe?"

Watu wakacheka. Alicheka hata Chenge, aliyekaa benchi la nyuma na koti lake la kahawia, limeshonwa begani kwa uzi mweusi. Mwaka ule yalishuka marobota kwa marobota ya makoti ya mitumba ya namna ile, na nusu ya wanaume wa Mwanza ukiwatazama mgongoni walikuwa mtu mmoja.

Evelina hakucheka.

Jaji akaandika kwa muda mrefu, kisha akafuta hukumu. Jina kama hilo, alisema, halitoshi kumfunga mtu.

Ngosha aliporudishiwa nguo zake na kutoka nje, Paskazia alimvalisha koti, akamnyooshea mabega kwa viganja vyote viwili.

"Twende nyumbani," akasema.

Ngosha hakuuliza nyumbani kwa nani. Wakashika njia ya Igogo.

Evelina akawafuata, kikapu kwapani, mkono mmoja umezama ndani yake. Mbele yake kulikuwa na lile koti la kahawia, likiyumba taratibu. Hakuita. Aliongeza mwendo, akawapita, akageuka, akamtazama mwenye koti usoni, vizuri kabisa, mpaka akawa na hakika kwamba safari hii ndiye.

"Ngosha," akanong'ona, "leo tunamaliza."