Gharama Iliyozama

Tangu wamzike baba, kisima alichokichimba pale Katumba bila kuona maji kilikuwa kimefunikwa bati. Leo fundi alitaka jibu: aendelee kuchimba, au akifukie?

"Pesa iliyopo ni ya ada yako," mama alimwambia Emelyne, aliyekuwa akisomea fedha za biashara chuo kikuu. "Huko wanawafundishaje?"

"Gharama iliyozama, ile isiyorudi tena, haihesabiwi, mama. Tunaangalia ya mbele tu."

"Imezama wapi?"

Emelyne alisogeza bati, akaokota bonge la udongo mwekundu lenye alama ya sururu ya baba yake, akaliachia kisimani.

Fundi akaacha kutafuna muwa. Wakainama wote watatu, wakisikiliza.

Chubwi.

"Haya, mwanangu," mama akasema taratibu. "Sasa imezama. Hesabu."