Mashine Isiyosalimiwa

Kila mwaka, anayelea mtoto sharti afaulu mtihani wa Kiswahili mbele ya mashine. Bi Mafunda alikwisha kufeli mara mbili. Akifeli ya tatu, mjukuu wake Rukia, wa miaka sita, angepewa walezi wengine.

“Eleza jinsi ya kupika uji,” mashine ikasema.

“Hujambo, mwanangu? Umeamkaje? Wa kwenu hawajambo?”

“Jibu halihusiani na swali. Imebaki nafasi moja ya kujibu.”

“Uji nimeupika miaka hamsini mimi!” Bi Mafunda akafoka. “Salamu hujaitikia, unanihimiza uji! Nani kakulea wewe?”

Rukia akamvuta kanga. “Bibi, usiisalimie. Sema uji tu.”

Basi akazimeza salamu zake, akasema uji tu: maji, unga, koroga. Alama mia! Wakarudi nyumbani, Rukia akirukaruka njia nzima.

Asubuhi, Bi Mafunda alikuwa jikoni akiingojea shikamoo yake ya kila siku. Rukia akaingia, akavuta kigoda, akanyoosha kikombe.

“Uji,” akasema.