Shahidi Mmoja

Mbonea, mkuu wa mji, alishika ufunguo wa mahabusu. Ndani alikaa Kilawe, aliyemvunja mama wa Mbonea mguu kwa rungu. Mbonea alimwona kwa macho yake, lakini alikuwa peke yake, na Maandiko yanataka mashahidi wawili.

"Na mimi nitasema nilimwona," alisema mama yake kutoka kwenye kiti walichombebea.

"Alikupiga kwa nyuma, mama. Hukumwona."

"Nani atajua, mwanangu?"

Mbonea aliuingiza ufunguo kwenye kufuli. Mji ulimtii kwa sababu moja tu: yeye naye aliyatii Maandiko, na kwa neno hilohilo la mashahidi wawili alikwisha kuwaachia watu waliowaumiza mama wa wengine. Akafungua.

Kilawe alitoka akijinyoosha. "Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje?"

Watu waliojaa uani waliinamisha nyuso. Hakuna aliyemzuia.

"Niombe radhi," mama alimwambia mwanawe. "Hapa hapa, mbele yao."

Machozi yalimshuka Mbonea mpaka kidevuni, naye hakuyafuta.

"Siombi, mama. Leo siombi, na kesho sitaomba."