Siri ya Mama Stumai

Kila Zawena alipojaribu kuijenga programu ya kufunga siri kwenye kompyuta kuukuu ya zahanati, jirani yake Mkude aliwasha mashine ya kusaga, umeme ukayumba, kompyuta ikazimika, na kazi ikaanza upya. Leo alipomaliza kupanga mipangilio, alitoka mbio hadi kwa Mkude.

"Kaka, nizimie kidogo tu. Majibu ya vipimo tukiyatuma, mji mzima unayasoma njiani. Nataka kuyafunga."

Mkude aliitazama foleni ya ndoo za mahindi, akazima. Wenye ndoo hawakununa. Walimfuata Zawena, wakajazana dirishani kutazama maandishi yakiteremka kwenye skrini kama unga unaomiminika. Hakuna aliyeelewa hata neno, lakini yalipokwama, wote walibana pumzi pamoja naye.

Mwishowe yakatulia. Programu ilikuwa imekamilika, na majaribio yake yote yamefaulu! Zawena alirusha kanga yake juu, na vigelegele vikalipuka.

"Nifungie siri yangu kwanza," alisema Mama Stumai, aliyekuwa mbele kwenye foleni. Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, huku akiwafukuza waliochungulia. Zawena akabonyeza, na maneno yakageuka vurugu ya herufi na tarakimu.

"Nikufungulie tuone?"

"Thubutu!"

Mama Stumai alirudi kwenye ndoo yake akicheka peke yake. Mashine ikanguruma, umeme ukayumba, kompyuta ikazimika, naye bado anacheka.