Wa Kwangu Yule

Fundi makochi aliingia ukumbini kwa kupitia jikoni. Hakuwa na kadi ya mwaliko, na walinzi wa mlango mkubwa hawakuwa watu wa masihara. Akapishana na wapishi na masufuria yao, akajifanya mtu wa kazi, mpaka akatokezea nyuma kabisa ya ukumbi. Akaketi pembeni, jasho likimchuruzika ndani ya koti la kuazima.

Vidole vyake, kwa mazoea tu, vikapapasa mshono wa kiti. Mshono wa kulipua, kazi ya haraka haraka. Siku nyingine angecheka.

"Karibu, baba," alisema mama aliyeketi kando yake. "Mimi ni muuguzi wa kituo hiki cha wasichana. Wewe umekuja kwa ajili ya nani?"

Fundi akaelekeza kidevu jukwaani. "Wa kwangu yule."

"Yule wa tuzo?" Mama wa watu akajishika kifua. "Jamani! Hongera, baba! Kwako kumetoka jembe! Alituambia leo kuna mtu wa nyumbani atakuja, sikuamini."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Moyo wa fundi ukaruka.

Jukwaani, mkurugenzi wa kituo alikuwa akimwaga sifa. Binti huyu, alisema, ndiye kiongozi wa vikundi vyote vya wasichana. Anakwenda shule hadi shule. Anawafundisha kuendesha mikutano, kubisha hoja, kuzungumza mbele ya wakubwa bila kuinamisha macho. Waliokuwa wameacha masomo amewarudisha darasani, mmoja mmoja, kwa kugonga milango ya watu.

Fundi alimtazama. Alikuwa amerefuka. Bega limenyooka, shingo imenyooka. Huyu ndiye yule aliyelia tangu usiku wake wa kwanza nyumbani mwake, kilio kisicho na breki, ikabidi taa iachwe inawaka mpaka kuche? Alimlisha. Alimvisha. Alipougua surua, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Njaa hakuijua kwake hata siku moja.

Halafu asubuhi moja akaamka, hayupo.

Alimtafuta mtaa kwa mtaa. Alipopata habari kwamba yuko kituoni, akawa mtu wa kushinda getini. Jibu lilikuwa lile lile: mzima, anasoma, hataki kukuona. Mtaani wakamgeuza kichekesho. "Fundi, mtu mzima mzima unashindwa na mtoto?" Akaenda polisi. Polisi wakamuuliza umri wa binti, akaaga akaondoka. Tangu hapo akabaki na kazi yake, na nyumba, na kimya.

Sasa binti alikuwa amepokea tuzo. Aliishika kwa mikono miwili, akasogelea kipaza sauti.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoambiwa masomo yametosha," alianza. "Vitabu vyangu vilichanwa, kurasa zikafungiwa misumari. Nilitazama tu. Sikuwa na mdomo. Ndiyo maana leo nawafundisha wenzangu kuwa na mdomo."

Fundi akainamisha kichwa. Misumari ile ilikuwa ya makochi. Wakati ule hakuona kosa lolote. Karatasi ni karatasi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Naye akapiga, akiwa amechelewa, viganja vyake vikigusana bila mlio.

"Msijilaumu sana, baba," muuguzi alimnong'oneza. "Ninyi wazazi mlikuwa hamjui."

Alitaka kutoka alikoingilia, lakini akabaki kitini.

"Yupo mtu mmoja humu ndani, mtu wa nyumbani," binti aliendelea. "Alinikosea kuliko mtu yeyote. Imenichukua miaka kumsamehe. Leo naomba asimame, aje hapa nilipo."

Vichwa vikaanza kugeuka huku na huku.

"Ni wewe!" Muuguzi alishamshika kiwiko. "Simama, baba, unaitwa!"

"Siwezi, mama. Magoti."

"Utaweza. Mimi nakushika."

Akasimama. Watu wa viti vya nyuma walipomwona mzee wa watu ameinuka, koti limemzidi, macho yamelowa, wakaanza kumpigia makofi. Mmoja akampapasa bega. Mwingine akavuta miguu ampishe. Akatembea, muuguzi kamshika kiwiko, hatua za mtu anayekanyaga maji, kichwani akitafuta neno la kwanza la kumwambia. Hakulipata. Maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu radhi. Hakujua watu huanzia wapi. Angeweza hata kupiga magoti, kama magoti yangekubali. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho: ameitwa. Baada ya geti lile na majibu yale, ameitwa.

Walikuwa katikati ya ukumbi makofi yalipohamia mbele.

Mwanamume mmoja wa safu ya kwanza, mdogo sana kwa fundi, nywele bado nyeusi tii, alikuwa ameshapanda ngazi za jukwaa. Binti alimwangukia kifuani, na kipaza sauti kilichokuwa mbele yake kikalitangaza neno lake kwa ukumbi mzima.

"Baba."

Muuguzi akasimama palepale. Alimtazama mtu yule wa jukwaani, akamgeukia mzee aliyekuwa naye, kisha, taratibu, akakiachia kiwiko.

"Sasa kama baba yake ndiye yule," aliuliza, "wewe yule ni nani wako?"

Fundi hakuyatoa macho yake jukwaani.

"Yule ni baba mkwe wangu."